Mtoto Asiyeweza Kuitwa

Hakuna jambo la mtoto wa shule linaloweza kunishangaza. Naliandika hapa mwanzoni kabisa ili msinisumbue na visa vyenu. Mtoto aliyejificha ndani ya pipa la kupikia pombe, nilimtoa. Mtoto aliyekula kipande cha sabuni ili apate homa, nilimsubiri amalize kutapika, nikamnawisha uso, nikampakia kwenye baiskeli. Kuna mmoja alimwambia mama yake kwamba mwalimu amekufa, akalia vizuri mpaka mama wa watu akajifunga kitenge cheusi kwenda matangani. Huyo nilimfikisha mwenyewe mbele ya mwalimu, mwalimu yuko hai, mkono umejaa chaki, na mama yuko nyuma yetu na kikapu cha maharage ya msiba. Maharage tuliyala pamoja ofisini.

Miaka kumi na sita nilikuwa planto katika shule ya msingi huku kaskazini ya Bujumbura. Planto ni mtu wa kufungua milango, kupiga kengele, kufagia ofisi ya diregita, mkuu wa shule, na kupeleka barua. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye karatasi. Kazi yangu ya kweli haikuandikwa popote: mtoto akigoma kuja shule, ninaitwa mimi. Diregita alisoma Kilatini. Walimu walikuwa na diploma zenye mhuri. Mimi nilikaa darasani miaka mitatu tu, halafu nikaenda kubeba magunia bandarini. Lakini kiti kikibaki tupu wiki nzima, Kilatini kilikuwa kinasimama mlangoni kwangu na kusema, Baba Leonsi, tusaidie. Leo nina nyumba Kamenge yenye mabati arobaini na vyumba vitatu vya kupangisha, na sikumwibia mtu. Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoingia kazi za shule, walimu na maplanto, kwa sababu nasikia mnafikiri mtoto asiyekuja shule ni mvivu, na dawa yake ni fimbo.

Mimi pia nilifikiri hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilimfunga kijana mmoja kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira wa tairi. Nikapita naye katikati ya soko, watu wanacheka, mimi napiga kengele kama nimembeba bwana harusi. Nikamfungua mbele ya darasa. Kabla sijaukunja ule mpira alikuwa amesharuka dirishani, na safari ile hakurudi hata kwao. Tulimpata siku ya nne kwa shangazi yake. Watoto wakanipa jina la Kamata. Nikipita kartie nzima, mtaa kwa mtaa, nasikia kutoka kwenye kila ua: Kamata anakuja, ficha miguu. Nilijivuna na jina hilo. Mtu mwenye akili angeona aibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zakaria, planto wa kabla yangu, mtu mfupi mwenye kikohozi. Aliniita siku moja akasema, "We kijana, una nguvu ya punda na akili ya mlango. Unagonga, unafunguliwa, unaona umeshinda." Akanichukua kwenda naye nyumba moja. Hakugonga. Alisimama nje, akakohoa, akaomba maji ya kunywa. Akakaa kwenye kizingiti, akatoa kiatu chake kibovu, akaanza kukishona. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia. Mzee hakumtazama hata mara moja, wala hakutaja shule. Saa nzima anashona kiatu kimoja. Mwishoni mtoto akatoka mwenyewe, akasema, "Uzi wako ni mbaya." Mzee akamjibu, basi nishikie upande huu. Kesho yake mtoto yule alitembea na Mzee Zakaria mpaka kwenye kona. Kesho kutwa mpaka getini. Wiki ya pili yuko ndani.

Kwa hiyo shikeni haya, maana ni ya kweli hata kama yamekuja kwa mtu wa miaka mitatu ya shule. Nenda na kazi ya mikono. Usimtazame mtoto usoni. Usimuulize kwa nini, kwa sababu hajui, au anajua na hawezi kulisema, na ukimuuliza atakupa uongo wa kukuridhisha. Tumbo linalouma Jumatatu na kupona saa nne asubuhi ni tumbo linalouma kweli, msilicheke. Na njia ya kwenda shule haipimwi kwa kilomita. Mtoto wa namna hii anapimiwa kwa vituo: leo mlangoni, kesho kwenye bomba la maji, kesho kutwa kwa muuza vitumbua. Akisimama, simama naye hapo hapo. Ukimvuta kituo kimoja mbele, unarudi nyuma vitatu. Mimi nilikuwa na mtoto aliyekuwa akitoroka kila siku saa tatu, tukafikiri ni wazimu, diregita akataka kumfukuza. Nilikaa naye wiki mbili nikitengeneza mnyororo wa baiskeli. Kumbe aliogopa shimo la choo cha shule. Kaka yake alimwambia mle ndani kuna mkono. Nikawa nakwenda naye chooni kila siku saa tatu, nasimama mlangoni naimba ili ajue nipo. Yule leo ni muuguzi. Akinikuta njiani ananisalimia kwa heshima, na mimi namuuliza kama bado anahitaji wimbo.

Kwa hiyo mnaona nilikuwa fundi. Mzee Zakaria alikufa nikiwa nimeshamshinda, na hata yeye alilikubali hilo. Walimu walikuwa wakiwekeana dau juu yangu kwenye chupa za bia. Sikuwahi kushindwa.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa watu kuchukuliwa. Wenye umri wanaujua, na nyinyi vijana mna watu wa kuwauliza nyumbani, kama watakubali kusema. Mimi nasema tu nilichokiona kutoka kwenye mlango wa shule. Mwezi wa tisa, tulipofungua, nilipiga kengele na mistari ilikuwa mifupi. Walimu wawili hawakuwepo na hakuna aliyeuliza. Diregita alinipa orodha ya watoto ambao hawakuja, karatasi mbili, pande zote mbili. Nikaenda nyumba kwa nyumba na kiatu changu cha kushona. Nyumba nyingine hazikuwa na mtu. Nyingine zilikuwa na mama aliyeketi, ananiangalia na ile karatasi mkononi mwangu, na nikajifunza haraka kuiacha karatasi mfukoni. Wengine niliwarudisha. Ilikuwa kazi ngumu lakini niliwarudisha, kituo kwa kituo, mpaka Noeli orodha ikabaki na majina machache, na juu yao wote jina la Konsolata.

Konsolata alikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, na kabla ya hapo alikuwa wa kwanza au wa pili kila mwaka. Mama yake alitoka Uvira, upande wa pili wa mpaka, akiuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Baba yake alikuwa karani kwenye ghala la kahawa, mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Mwezi wa tano wa mwaka ule walikuja kumchukua kazini, na hakurudi. Alikuwa amekwisha sema kwamba binti huyu atakwenda sekondari ya masista, liwe jua iwe mvua. Mama alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika ufunguo. Na kanuni ya shule ilikuwa wazi: mtoto asiyeonekana mpaka Pasaka anafutwa kwenye daftari, na aliyefutwa haendi darasa la sita, na asiyefanya la sita hana mtihani wa sekondari. Nikawaambia walimu wote, mbele ya chupa, kwamba kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza Konsolata atakuwa amekaa kwenye benchi lake.

Nilipofika kwao nilishangaa kidogo, si sana. Mtoto hakuwa amejificha. Alikuwa amevaa sare, imepigwa pasi, nywele zimekatwa, kaye zake za kuandikia zimepangwa kwenye mfuko. Mama alinieleza kwamba ni hivyo kila siku tangu mwezi wa tisa. Anaamka, anaoga, anavaa, anatoka. Anafika kwenye bomba la maji. Anatapika. Anarudi, anavua sare, anaikunja, anakaa chini kuchambua ndagala na kuimba masomo ya mwaka uliopita kwa sauti ndogo. Mchana anafanya hesabu ambazo hakuna aliyempa.

"Mi sielewi, Baba Leonsi," mama alisema. "Mutoto anataka shule. Shule ndiyo inamukataa tumboni."

Nikashona kiatu. Siku tatu nikashona kiatu kimoja. Siku ya nne tukafika kwenye bomba, tukasimama. Wiki ya pili tukafika kwa muuza vitumbua, ya tatu kwenye ukuta wa shule. Mtoto alikuwa anatembea vizuri, anazungumza, ananirekebisha Kifaransa changu. Nilikuwa nimeshaanza kuonja bia za dau. Tukafika getini kengele ikilia, tukasimama kama kawaida yangu, na mle ndani uani walimu wakaanza kuita majina. Mnajua ilivyo: mwalimu ana daftari, darasa limejipanga mstari, anasoma jina, mtoto anajibu prezan, yaani nipo. Shule nzima, sauti mia tatu, prezan, prezan, prezan. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kila asubuhi kwa miaka mpaka sikulisikia tena, kama mtu anayeishi kando ya mashine ya kusaga. Nikageuka, Konsolata ameketi chini kwenye vumbi na sare yake safi, mikono kwenye masikio, na mkojo unatiririka.

Nilimbeba mpaka kwao. Sikusema kitu, na huo ndio ufundi, nawaambia. Nikakaa kwenye ndoo, nikashika ndagala, tukachambua wote wawili, wakubwa huku, wadogo huku. Tukafika nusu ya kapu. Ndipo alipozungumza, macho kwenye samaki.

"Siku ile nilimupelekea baba chakula. Walikuwa pale kwenye mulango wa ghala na karatasi. Wanasoma majina."

Nikaendelea kuchambua.

"Wakaita la baba. Baba akasema prezan. Akanirudishia sufuria, akapanda nyuma ya kamioni yao."

"Hakukwambia neno?"

"Apana. Alisema tu prezan."

Halafu akanieleza lililobaki, na hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu kila mtoto ana jina lake, si lazima abebe la baba. Lakini yule karani alikuwa mtu wa mambo ya kisasa, na siku ya kumwandikisha mtoto wake aliagiza aandikwe kama Wazungu wanavyoandika, jina la baba mbele. Ntirampeba Konsolata. Na kwenye daftari la shule husomwa jina la kwanza tu. Kila asubuhi mwalimu akifika mstari wa Konsolata husema, kwa sauti kubwa, Ntirampeba. Na Konsolata anatakiwa kujibu prezan.

"Nikijibu, ni kama baba naye anajibu tena," alisema. "Nikinyamaza, mwalimu anaandika hayupo."

Sasa angalieni nilivyokuwa mjanja, maana mpaka hapa nilikuwa mjanja. Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa la tano, Bwana Melkiori, mtu mkavu, mwenye kupenda kanuni. Nikamwomba asilisome jina hilo. Aone mtoto kwa macho, aweke alama yake, basi. Akaniambia daftari linasomwa au halisomwi, hakuna daftari la kuruka watu. Nikamkumbusha ni nani alimrudishia watoto tisa wa darasa lake tangu mwezi wa tisa, kwa miguu yangu na kiatu changu. Akavua miwani, akaifuta. Akasema mtoto aingie baada ya majina, kwa mlango wa nyuma, na yeye atakuwa hakuona kitu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Konsolata na mimi tulisimama nyuma ya jiko la shule mpaka prezan ya mwisho. Nilikuwa nampa kisanduku cha chaki apeleke darasani, kwa sababu mtoto mwenye kitu mkononi anaingia kwa kazi, haingii kwa woga. Hilo nalo lishikeni. Aliingia tarehe thelathini ya mwezi wa kwanza, siku moja kabla ya siku niliyoitaja kwenye dau. Nilikunywa bia sita. Kufikia Pasaka anainua mkono darasani. Mwezi wa sita amekuwa wa kwanza katika watoto arobaini na wawili, na mama yake akaja shuleni na kifurushi cha ndagala, wale wakubwa, akaniwekea mezani mbele ya diregita.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Nawaambia polepole, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mwisho wa mwaka kuna proklamasyo. Wazazi wote wanakuja, wanakaa uani chini ya maturubai, kuna mgeni kutoka komini, ofisi ya serikali, kuna ngoma kidogo, na diregita anasoma matokeo mbele ya watu, darasa kwa darasa, kuanzia wa kwanza. Anasema jina na asilimia. Mtoto anajibu, anatembea mbele, anapokea buletini yake ya alama, watu wanapiga makofi. Wa kwanza anapewa mkono na mgeni. Mama Konsolata alinijia siku mbili kabla. Alitaka mtoto abaki nyumbani, yeye mwenyewe aje kuchukua buletini kimya kimya kesho yake. Bwana Melkiori naye alisema hivyo hivyo, na yeye alikuwa mtu wa kanuni.

Nikakataa. Niliwaambia mtoto amepona. Niliwaambia miezi mitano halijaonekana hata tone la machozi. Lakini mimi nilikuwa nataka nini? Nilikuwa nataka wamwone. Nilikuwa nimeshona shati jipya. Nilikuwa nimewaalika wapangaji wangu waje kuona kazi ya planto wao. Nilimwambia Konsolata kwamba kuna sherehe na atapata zawadi, na sikumwambia majina yatasomwaje, kwa sababu Kamata alishajua kwamba mtoto akiwa na furaha halisikii jina. Hilo nililibuni mwenyewe. Mzee Zakaria hakunifundisha.

Diregita alipofika darasa la tano alishusha pumzi, akatabasamu, akaikunjua karatasi. Karatasi, mnaona. Akasoma: Ntirampeba, asilimia themanini na tisa. Hakuna aliyesimama. Watu wakaanza kugeuza shingo. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, Ntirampeba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi lake. Niliona kisogo chake, kimetulia tu, hakitikisiki. Nikaona mgeni ananitazama, wapangaji wananitazama. Nikamshika mkono Konsolata, nikauinua juu, nikasema mimi, kwa sauti yangu ya kengele:

"Prezan!"

Alisimama. Nikafikiri, nimeshinda. Makofi yakaanza. Lakini hakwenda kwa diregita. Alitembea kando ya mabenchi, polepole, hakukimbia, akampitia mama yake, akampa mfuko wake wa kaye. Akaendelea mpaka getini ambako ilisimama kamioneti ya mgeni, gari dogo la mizigo. Akaweka mguu kwenye gurudumu, akapanda nyuma, akaketi kwenye bati na kuinamisha kichwa katikati ya magoti.

Watu wa mbele walicheka. Walifikiri mtoto ana haraka ya kupelekwa mjini. Mtu mmoja akasema, huyu ameshakuwa mkubwa, anataka gari. Halafu akinamama wa upande wa kulia, wale waliokuwa wamevaa nyeusi tangu mwaka ule, mmoja akafunika mdomo, na wa pembeni yake, na kicheko kikafa safu kwa safu kama mtu anazima taa. Ngoma ikanyamaza. Diregita alikuwa bado ameshika karatasi juu.

Ilituchukua zaidi ya saa mbili kumshusha. Mgeni wa komini alikubali kusubiri, na baadaye alikubali kwenda kwa miguu. Konsolata hakulia, hakupiga kelele. Tulipomgusa alikuwa anasogea kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukaa. Mama yake ndiye aliyepanda, akakaa kando yake na vitenge vyake kwenye jua lote lile, mpaka mtoto akalala, nikambeba.

Baada ya hapo hakuvaa sare tena. Mwezi wa saba na wa nane alikaa ndani, uso kwenye ukuta. Nikaenda na kiatu. Nikaenda na mnyororo wa baiskeli. Nikaenda na redio iliyokufa, nikaifungua yote mbele yake. Hakugeuka. Watoto wa kartie hawakuniita Kamata tena. Nikipita walikuwa wananyamaza, na hiyo ni mbaya kuliko kutukanwa.

Mimi si mtu wa kukaa na kosa mikononi. Nikatafuta njia, na nikaipata, na nikaona ni njia ya mtu mwenye akili: kama tatizo ni jina, jina litoke. Nikamshauri mama, akasema fanya unavyoona, sauti yake haina kitu. Nikaenda komini. Kubadilisha jina la mtoto kunahitaji karatasi ya kuandikia maombi, tembre za kulipia na kubandika, mashahidi wawili wenye vitambulisho, kurudi Jumanne, kurudi tena Ijumaa kwa sababu mwenye mhuri hayupo. Nikasimama foleni zote. Nililipa kwa mfuko wangu, kwa pesa za vyumba. Nikachagua jina zuri, la babu yake mzaa mama, jina ambalo halijawahi kusomwa kwenye karatasi yoyote ya mji huu. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nikaingia kwao na cheti chenye mhuri, nimevaa lile shati.

Alikuwa ameketi, na hilo peke yake lilinipa moyo. Nikamwekea cheti kwenye magoti. Nikamweleza kwamba mwaka huu ni darasa la sita, daftari jipya, mwalimu mwingine, na hakuna mtu atakayeliita lile jina tena, kamwe. Nilimwambia limefutwa kabisa.

Alisoma cheti kuanzia juu mpaka chini, pamoja na maneno ya mhuri. Alisoma mara mbili. Halafu akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Sasa baba akirudi," akasema, "ataniulizia kwa jina gani?"

Nilimtazama mama yake. Mama alikuwa amegeukia kapu la ndagala na mikono imesimama ndani yake. Sikuwa na kazi ya mikono siku hiyo, sikuwa na kiatu wala mnyororo, kwa hiyo nilibaki na mikono yangu tu.

Mama alinisindikiza nje. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza.

"Miezi kumi na sita namwambia yuko safari," akasema. "Ningesema nini, Baba Leonsi? Na mi nani aliniambia kitu? Wewe uliambiwa?"

Kama kuna kitu kimoja nataka mkiandike, andikeni hiki. Miezi yote ile nilijua mtoto anaogopa nini. Sikuuliza hata siku moja anasubiri nini. Nilimpima kwa vituo kwenda shule, na yeye alikuwa amesimama kwenye kituo kingine kabisa, anasubiri gari lirudi. Alitaka jina lile lisiitwe, na alitaka libaki lake. Mnaweza kusema mambo hayo mawili hayakai pamoja. Ndani ya mtoto yanakaa.

Kesho yake nilirudi komini kuomba jina lile lirudishwe. Karani aliniangalia kwa muda. "Mzee, Ijumaa ulilifuta, leo unalitaka tena?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kurudisha ni maombi mapya, tembre mpya, mashahidi wapya, na maelezo ya sababu. Kwenye mstari wa sababu nilimwambia aandike kwamba mwombaji alikosea. Akauliza mwombaji ni nani, mtoto au mimi. Nikamwambia aandike mimi.

Mwezi wa kumi mama yake alimchukua wakavuka kwenda Uvira, kwa mjomba. Nilimpelekea cheti cha pili kwenye kituo cha magari. Konsolata alikisoma, akakikunja mara nne, akakiweka ndani ya gauni. Hakunishukuru, na sikuhitaji. Kutoka kule hakuna aliyeniandikia kama aliingia shule, na mpaka nilipoacha kazi, benchi lake darasani kwa Bwana Melkiori nililifuta vumbi kila asubuhi bila kuangalia limekaliwa na nani. Kulifuta jina lile na kulirudisha, tembre, karatasi, nauli na mashahidi wawili mara mbili, kulinigharimu faranga elfu mbili mia moja na themanini.